Kompresa milioni 1.1: jinsi General Electric ilivyolazimika kuzing'oa kwenye friji ilizokwisha kuuza

Mwaka 1988 General Electric ya Marekani iliandika kwenye hesabu zake hasara ya dola milioni 450 kabla ya kodi, kwa sababu ya kifaa kimoja kinachokaa mgongoni mwa friji chini, mahali ambapo mwenye nyumba hapatazami. Kompresa (pampu inayobana gesi ya kupoza) zipatazo milioni 1.1 zilipaswa kubadilishwa, nyingi zikiwa tayari majumbani kwa watu. Ukigawanya hasara kwa idadi hiyo, kila moja iliigharimu kampuni takriban dola 409. Kwa fedha hizo mteja wa wakati ule angeweza kununua friji nzima ya kawaida.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya mabosi waliokuwa na haraka. Haraka ilikuwepo kweli. Lakini ukizipanga sehemu za mashine yenyewe mezani, unaona kwamba mashine zilizopelekwa maabara zilikuwa zimeshaonyesha dalili za ugonjwa kabla hata moja haijauzwa. Tatizo ni kwamba jaribio lilihesabu zilizokufa, na hakuna iliyokufa.

Kampuni na jengo la zamani

General Electric haikuwa mgeni kwenye friji. Tangu 1911 ilikuwa ikitengeneza huko Fort Wayne mashine ya kugandisha iliyobuniwa na mtawa Mfaransa, Marcel Audiffren, ambayo ndani yake gesi na kompresa vilifungiwa pamoja kwenye chombo kisichovuja. Mwaka 1927 ikatoa Monitor Top, friji yenye kompresa ya duara juu ya kabati, kazi ya mhandisi Christian Steenstrup. Zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Baadhi yake zilifanya kazi kwa miongo kadhaa bila kufunguliwa, na jina la kampuni sokoni lilijengwa juu ya sifa hiyo: funga, ziba, sahau.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kitengo cha vifaa vya nyumbani kilihamishiwa Louisville, Kentucky, kwenye eneo kubwa la viwanda liitwalo Appliance Park, lililoanza uzalishaji mwaka 1953. Kompresa zilitengenezwa Building 4. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 jengo hilo lilikuwa limechakaa na wahandisi walijua. Kutengeneza kompresa moja ya pistoni hapo kulichukua dakika 65 za kazi ya mikono, wakati viwanda shindani vya Japani na Italia vilitumia kama dakika 25, tena kwa mishahara midogo zaidi. Hakuna punguzo la bei ya mabati au rangi linaloweza kufidia pengo la dakika 40 kwenye sehemu iliyo ghali kuliko zote ndani ya friji.

Njia zilikuwa tatu: kununua kompresa nje, kushirikiana na kampuni ya nje, au kujenga kiwanda kipya chenye muundo mpya. Wakachagua ya tatu. Roger Schipke, mkuu wa kitengo, na Jack Welch, aliyeongoza kampuni nzima tangu 1981, waliridhia dola milioni 120 kwa kiwanda cha Columbia, Tennessee. Kingetengeneza kompresa ya rotari.

Kwa nini rotari ilivutia

Kompresa ya pistoni hufanya kazi kama injini ndogo iliyogeuzwa kazi: shafti huzunguka, fimbo huisukuma pistoni mbele na nyuma ndani ya silinda, vali mbili hufunguka na kufunga. Sehemu ni nyingi, na kila mzunguko pistoni husimama mara mbili na kuanza tena.

Rotari haina fimbo wala pistoni ya kwenda na kurudi. Ndani ya silinda kuna rola iliyovikwa kwenye sehemu ya shafti iliyo nje ya kitovu, kwa hiyo shafti ikizunguka rola huviringika ikiegemea ukuta wa silinda. Ulimi wa chuma, ukisukumwa na springi, huiegemea rola muda wote na kuitenga gesi inayoingia na ile inayobanwa. Vali ya kuingizia haihitajiki. Ya kutolea inatosha. Sehemu ni chache, uzito ni mdogo, mtikisiko ni mdogo, na umeme unaotumika hupungua kama kila kitu kimekaa sawasawa.

Hapo kwenye kukaa sawasawa ndipo penye bei yake. Pistoni huweza kuwa na pete au angalau mwili mrefu unaozuia gesi kurudi. Rotari huizuia gesi kwa ukaribu wa vyuma tu: rola na ukuta, ulimi na mfereji wake, ncha za rola na mabamba ya juu na chini. Nafasi kati ya vyuma hivyo hujazwa na utando wa oili. Columbia ilipanga kushika vipimo kwa usahihi wa sehemu hamsini za milioni za inchi, yaani mikromita 1.27. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya mikromita. Kutengeneza vipimo hivyo kwa sampuli kumi ni kazi ya fundi mzuri. Kuvishika kwa mamilioni ya vipande ni suala jingine, na kwa haki kabisa isemwe kwamba upande huu Columbia haikushindwa. Vipande vilitoka kwenye mashine vikiwa sahihi. Kilichokosewa ni malighafi.

General Electric ilikuwa na uzoefu wa rotari kwenye viyoyozi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kwa hiyo hoja iliyopelekwa juu ilikuwa nyepesi: tunaijua, tumeitengeneza kwa miaka mingi, tunaihamishia kwenye friji.

Kiyoyozi si friji

Hoja hiyo inasikika vizuri mpaka uangalie shinikizo. Kiyoyozi cha wakati ule kikitumia gesi ya kupoza iitwayo R-22, gesi ikichemka kwenye evaporeta (bomba za upande wa baridi) kwa nyuzi 7 za Selsiasi na kugeuka kimiminika kwenye kondensa (bomba za upande wa joto) kwa nyuzi 50, kompresa huinua shinikizo kutoka baa 6.2 hadi baa 19.4. Ni kama mara tatu. Friji ya gesi ya R-12 yenye friza ikifanya kazi kwa nyuzi 25 chini ya sifuri na kondensa ileile ya nyuzi 50, huinua kutoka baa 1.24 hadi 12.2, karibu mara kumi.

Uwiano huo ndio unaoamua maisha ya rotari. Gesi inayobanwa mara kumi hutoka ikiwa na joto kali zaidi. Rotari nyingi zimejengwa ili gesi hiyo ya moto ijaze ganda lote na kuizunguka mota kabla ya kutoka, tofauti na pistoni ambayo kwa kawaida huzungukwa na gesi baridi inayorudi. Oili inayotakiwa kutenganisha rola na ukuta inakuwa nyembamba zaidi kwa sababu ya joto, na wakati huohuo inabanwa na tofauti kubwa zaidi ya shinikizo. Isitoshe, kompresa ya friji ni ndogo: kiasi cha gesi inachosukuma kwa mzunguko mmoja ni kidogo, lakini mianya ya kuvuja haipungui kwa kiwango kilekile. Mwanya ambao kwenye kiyoyozi hupoteza sehemu ndogo ya gesi, kwenye friji hupoteza sehemu inayoonekana.

Halafu kuna saa za kazi. Kiyoyozi cha chumba huwashwa msimu wa joto. Friji haizimwi. Ikizunguka karibu nusu ya muda, inafikisha takriban saa 4,000 kwa mwaka, mara nne au tano ya kiyoyozi. Kwa hiyo "miaka mingi ya uzoefu" iligeuka kuwa uzoefu wa kazi nyepesi, kwa saa chache, kwenye joto la chini.

Vipande viwili vya poda

Ili kupunguza gharama, sehemu mbili za ndani zilitengenezwa kwa poda ya chuma badala ya chuma cha feleji kilichokazwa kwa moto na chuma cha kusubu. Njia hii ni ya kawaida na haina ubaya kwa asili yake. Poda humiminwa kwenye kalibu, hushindiliwa kwa tani nyingi za nguvu, kisha kipande huchomwa kwenye tanuri kwa joto lisilofika la kuyeyuka, chembe zikashikamana. Kipande hutoka kikikaribia umbo lake la mwisho. Kunolewa ni kidogo, taka ni kidogo, na muda wa mashine, ule ule uliokuwa ukila dakika za Building 4, hupungua sana.

Kipande cha poda kina vitundu vidogo ndani. Kwenye bushi ya feni hiyo ni faida, kwa kuwa vitundu hushika oili. Kwenye sehemu inayosuguana chini ya shinikizo kubwa na oili iliyokonda, kingo za vitundu huweza kubomoka, chembe ngumu zikaingia kwenye oili, na kuanzia hapo oili yenyewe inakuwa msasa. Poda ya chuma ilikuwa imeshawahi kufikiriwa kwa rotari ya viyoyozi ndani ya kampuni hiyohiyo na kuachwa. Maarifa hayo yalikuwepo kwenye kumbukumbu za watu waliokuwa wamehamia kazi nyingine au kustaafu, si kwenye ukurasa ambao mbunifu wa 1983 au 1984 angelazimika kuusoma kabla ya kutia saini mchoro.

Jaribio

Maabara ilichukua kompresa zipatazo 600 na kuziendesha kwa joto la nyuzi 82 za Selsiasi kwa miezi miwili. Hesabu ya wahandisi ilikuwa kwamba miezi hiyo miwili ni sawa na miaka mitano ya matumizi ya nyumbani. Hakuna iliyokufa.

Tuchukue namba hizo kwa uzito. Miezi miwili mfululizo ni saa 1,440. Mota ya kawaida ya poli mbili kwenye umeme wa hezi 60 huzunguka kama mara 3,500 kwa dakika, kwa hiyo kila kompresa, hata ikizunguka bila kupumzika, ilifikisha mizunguko milioni 302. Miaka mitano ya friji, kwa saa 20,000, ni mizunguko bilioni 4.2. Jaribio lilifika sehemu moja ya kumi na nne ya safari, na pengo lililobaki lilifidiwa na joto.

Joto hufidia baadhi ya mambo. Kuoza kwa oili, kuchakaa kwa vanishi ya koili (nyaya za mota), athari za kikemia kati ya gesi na vyuma, hayo yote huenda mbio joto likipanda. Mafundi wengi hutumia kanuni ya mkono kwamba kila nyuzi 10 zinaongeza kasi mara mbili. Kusuguana hakufuati kanuni hiyo. Ulimi unaosagika kwa kila mzunguko unahitaji mizunguko. Kuna pia suala la kuwaka na kuzima: friji huwaka mara moja au mbili kwa saa, na kila inapowaka vyuma hugusana kwa sekunde kadhaa kabla oili haijapanda. Miaka mitano inaweza kuwa na miwasho 40,000 hadi 80,000. Mashine inayozungushwa mfululizo haipati hata mia moja.

Na sifuri kati ya 600 inasema nini? Kwa kanuni inayojulikana ya takwimu, ukipima vitu 600 na hakuna kilichoharibika, unaweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango cha kuharibika hakizidi 3 gawanya kwa 600, yaani asilimia 0.5, kwa hali na muda ule uliopimwa tu. Dai hilo halivuki mizunguko milioni 302.

Kilicho kibaya zaidi ni kwamba mashine zilipofunguliwa zilionyesha alama. Koili za shaba za mota zilikuwa zimebadilika rangi kwa joto. Nyuso za beringi zilikuwa zimelika. Baadhi ya sehemu zenye shinikizo kubwa zilikuwa na utando mweusi, ishara kwamba oili ilikuwa ikivunjika. Fundi wa maabara aliyeziona aliwaarifu wakubwa wake. Taarifa ikaishia njiani. Waliokuwa na mamlaka ya kusimamisha mradi walipewa jedwali lenye sifuri.

Mtu aliyewahi kufungua kompresa iliyoungua anajua kwamba rangi ya shaba ni ushahidi. Shaba ya koili ikiwa ya rangi ya waridi na vanishi inang'aa, mota ilipoa vizuri. Ikiwa hudhurungi kuelekea nyeusi, joto lilizidi kwa muda mrefu. Jaribio la uhai lililofanywa vizuri huwa na sehemu ya pili baada ya saa kuisha: kila mashine hukatwa ganda, oili hutolewa na kupimwa asidi na chembe za chuma, ulimi na rola hupimwa kwa maikromita kwenye sehemu zilezile zilizopimwa kabla ya kufungwa, na tofauti huandikwa. Ulimi uliolika mikromita 3 katika mizunguko milioni 302, kwenye mashine ambayo vipimo vyake vimeshikwa kwa usahihi wa mikromita moja na kitu, hauhitaji kufa ili kukuambia utafika wapi kwenye bilioni moja.

Pia kulikuwa na mpango wa kuweka friji za majaribio majumbani kwa miaka miwili kabla ya uzalishaji kamili. Muda huo ulikatwa ukawa miezi tisa hivi.

Philadelphia, Julai 1987

Uzalishaji ulianza mwaka 1986 na soko likapokea vizuri. Friji zilikuwa kimya na zilikula umeme kidogo. Hitilafu ya kwanza ilitokea Philadelphia Julai 1987, baada ya mwaka mmoja na ushee. Zikafuata nyingine, kisha nyingi.

Jinsi zilivyokufa inaeleweka ukifuata mnyororo. Ulimi au rola ikilika kidogo, gesi iliyobanwa inavuja kurudi upande wa kuingia. Friji haifikii baridi iliyowekwa, kwa hiyo thermostati haikati, kompresa inazunguka muda mrefu zaidi. Gesi inayovuja tayari ina joto. Ikibanwa upya inaongeza joto. Oili inakonda, vyuma vinagusana zaidi, mwanya unakua. Mwenye nyumba anaona maziwa hayapoi na kusikia mashine isiyonyamaza, na wiki chache baadaye kimya. Kasoro ya aina hii haitawanyiki sawasawa kwa miaka, inakusanyika. Mashine zilizotengenezwa mwezi mmoja, kwa poda moja, hufika mwisho wake zikikaribiana, ndiyo maana takwimu za miezi ya mwanzo zilionekana za kuvumilika.

Kampuni ilikuwa na chaguo la kusubiri kila moja ife kisha iitengeneze chini ya waranti ya miaka mitano ya mfumo uliozibwa, iliyokuwa ya kawaida katika soko la Marekani. Ikaamua kutosubiri. Ilianza kuzibadilisha hata zile ambazo bado zilifanya kazi. Kwa maoni yetu huo ndio uamuzi bora zaidi katika kisa kizima, ingawa ndio uliotoa ile hasara ya kutisha: friji inayokufa yenyewe huharibu chakula, na hilo mwenye friji hulikumbuka kuliko waranti.

Kubadilisha kompresa moja

Gharama ya dola mia nne na kitu haishangazi ukifuata kazi yenyewe. Fundi hutoa gesi, hukata bomba la kuingia na la kutoka, huichomoa kompresa kwenye vishikizo vyake vya mpira. Kama oili ya zamani ni nyeusi au inanuka ukali wa asidi, bomba zinasafishwa kwa nitrojeni kavu, kwa sababu mabaki yakibaki yataiua kompresa mpya kwa njia ileile. Filta ya kukausha hubadilishwa kila mara, hata ikionekana nzima. Kapilari, bomba lenye tundu la karibu milimita 0.7, ndiyo ya kuogopwa zaidi: chembe za ulimi uliosagika hukwama hapo, na fundi asiyeipima huondoka akidhani kamaliza.

Kisha hufuata kuchomelea huku nitrojeni ikipita polepole ndani ili masizi yasijijenge, kupima uvujaji, kuvuta vakyumu, yaani kuondoa hewa yote ndani, hadi chini ya mikroni 500 (hapa ni kipimo cha shinikizo, si cha urefu) na kuacha itulie kuona kama inapanda, na mwisho kujaza gesi kwa mizani. Friji za R-12 zilibeba takriban gramu 200; makosa ya gramu 20 yanatosha kuharibu baridi ya friza. Ni kazi ya saa mbili hadi tatu kwa fundi mzoefu, jikoni kwa mtu, na lazima friji iwe imetolewa vitu kwanza.

Na tuseme hili pembeni: Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni ulitiwa saini Septemba 1987, katikati ya sakata hili, na R-12 ilikuwa mmoja wa walengwa wakuu. Katazo la Marekani la kuiachia gesi hiyo hewani lilianza Julai 1992 tu. Kompresa milioni 1.1 kwa gramu 200 ni tani 220 za R-12 zilizopita mikononi mwa mafundi wakati sheria bado ilikuwa haijawabana.

Kilichowekwa badala yake

Kompresa mpya zilizofungwa zilikuwa za pistoni, nyingi zikinunuliwa kutoka kwa watengenezaji wa nje. Kiwanda kilichojengwa ili kampuni isitegemee kompresa za wengine kikaifanya iwe mteja wao.

Kitengo cha vifaa vya nyumbani kiliendelea Louisville. Mwaka 2014 General Electric ilikubaliana kukiuza kwa Electrolux ya Sweden kwa dola bilioni 3.3, lakini Wizara ya Sheria ya Marekani ikafungua kesi kwa hoja ya ushindani, na Desemba 2015 mauzo yakavunjika. Mwezi uliofuata Haier ya Qingdao, China, ilitangaza kukinunua kwa dola bilioni 5.4, na mwaka 2016 kikabadilisha mikono. Appliance Park bado inatengeneza friji kwa jina la GE. Rotari nayo haikufa: ndiyo iliyomo ndani ya viyoyozi vingi vya chumba vinavyouzwa leo, ambako gesi hubanwa mara tatu.